Hati Isiyokuwepo Siku Ile

Ilomba, Mbeya
19 Januari 2026

Baba,

Shikamoo. Najua umenifungia simu. Jana nimepiga mpaka yule mwanamke wa mtandao anayesema namba haipatikani nikaanza kumchukia kama mtu ninayemjua. Basi sawa. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba jambo zito huandikwa, nami naandika. Bahasha hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, utaikuta stendi ya Igumbilo. Ukisema goti linauma, mtume dada Bertha.

Nikuambie kabla hujatafuta miwani: sijasaini, na sitasaini.

Mkurugenzi wangu Obeid amekupigia akakuambia binti yako amezuia hesabu za kampuni nzima kwa ajili ya kikaratasi. Hakukuambia kikaratasi gani, kwa hiyo nitakuambia mimi. Kilindimo Majengo ilikopa shilingi bilioni nne kujenga zile ghorofa za Isyesye na maduka ya Uyole. Riba ya mkopo ule haitulii. Kila miezi mitatu inapanda au inashuka kufuatana na soko. Obeid aliogopa itapanda, akaingia mkataba na benki nyingine: sisi tuwalipe asilimia kumi na nne bila kubadilika, wao watulipe ile inayopanda na kushuka, nasi tuitumie kulipia mkopo. Hiyo ndiyo kinga ya riba. Wakati ule nilikuwa mhasibu msaidizi, na nilimsifia. Riba ingefika kumi na nane leo tungekuwa tunacheka wote.

Haikufika. Mwaka jana imeshuka mpaka kumi, na sisi bado tumefungwa kwenye kumi na nne kwa miaka miwili na nusu mbele. Tukitaka kuuvunja mkataba leo, wanatudai milioni mia tatu na arobaini. Hiyo ni hasara, baba, na lazima ionekane kwenye hesabu.

Ionekane wapi, hapo ndipo ugomvi ulipo. Siku kinga ilipoanza, tarehe sita Machi 2023, tulitakiwa kuandika hati: kinga hii inalinda mkopo upi, dhidi ya nini, na tutapima vipi kama inafanya kazi. Mwenye hati hiyo anaruhusiwa kuiweka hasara pembeni, kwenye mtaji, ikaingia kwenye faida kidogo kidogo. Asiye nayo anaimeza yote mwaka huohuo. Sisi hatukuiandika. Mkuu wangu wa wakati ule alisema hayo ni mambo ya Wazungu. Kwa hiyo faida ya milioni mia mbili na tisini inageuka hasara ya milioni hamsini, na kampuni yenye hasara itauzaje hisa kwa vikundi kama chako?

Obeid anataka niiandike hati leo, niipe tarehe ya mwaka 2023, niweke saini yangu chini. Amenisemesha kwa upole, amenisemesha kwa ukali, juzi aliniletea keki. Keki nimewapa walinzi.

Mwanao,
Lea


Mlandege, Iringa
26 Januari 2026

Mwanangu Lea,

Kamwene. Barua imefika, na goti linauma kweli, kwa hiyo acha dhihaka. Bertha ndiye aliyeifuata, akaisoma njiani, akafika hapa ameshachukua upande wako kabla hata sijakaa.

Nimeisoma mara mbili kwa utulivu wa mwalimu anayesahihisha mtihani wa mtoto wa mwenzake. Sasa nijibu. Kinga ilikuwepo au haikuwepo? Umeandika mwenyewe kwamba ilikuwepo. Ililinda mkopo huo au haikuulinda? Ililinda. Basi hati anayoitaka Obeid itasema kweli tupu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, isipokuwa tarehe. Kwa ajili ya tarehe unataka kuangusha nyumba ya watu?

Nawe unajua nimesimama wapi. Kikundi chetu cha Tukaze kimeweka akiba miaka sita. Humo wamo wanakwaya wa hapa Mlandege, na wamo wakulima wa Ubaruku niliowasomeshea watoto mpaka nikastaafu. Tumefikisha milioni sitini. Karibu theluthi ni ya Nkuba Seni na nduguze, pesa ya mpunga wa misimu miwili waliyolala nayo njaa bila kuitumia hovyo. Watu hawa wamekubali kununua hisa za Kilindimo kwa sababu moja tu: nilisimama mbele yao nikasema mwanangu ndiye anayeshika hesabu pale. Walipiga makofi, Lea. Frida mweka hazina wetu alipiga vigelegele, na yule mama hajapiga vigelegele tangu apate mjukuu.

Sasa kila Jumapili nikitoka ibadani wananizunguka. Mwalimu, hesabu zimetoka? Mwalimu, hisa lini? Niwaambie nini? Kwamba mwanangu amegombana na kalenda?

Umekuwa mbishi tangu ukiwa mdogo, na nilikuvumilia kwa sababu ulikuwa unapata alama nzuri. Huu si wakati wake. Saini, kazi iendelee, Pasaka uje nyumbani tule. Simu nitaifungua ukishasaini.

Baba yako,
Mwl. Silvester Kalinga


Ilomba, Mbeya
2 Februari 2026

Baba,

Shikamoo. Kazi ni nyingi siku hizi, nisamehe kwa kuchelewa kujibu.

"Isipokuwa tarehe." Nimelisoma neno hilo nikacheka, halafu nikakasirika, halafu nikakumbuka posa ya Bertha.

Unakumbuka? Wakwe walikuja kutoka Njombe na mshenga wao Gerson, wakajaa sebule mpaka barazani. Orodha ya mahari iliandikwa palepale, mbele ya watu wote: ng'ombe, mkaja wa mama, blanketi la bibi, jembe, na vingine. Ukauliza kama kuna lililobaki. Ukauliza tena. Mjomba Danieli alikuwa anakula, akatikisa kichwa kwamba hakuna. Wakasaini pande zote mbili, tukaimba, wakaondoka.

Baada ya miezi mitatu mjomba akaja na maneno. Koti lake halikuandikwa. Na ni kweli kabisa, baba, mjomba hupewa koti. Kila mtu kuanzia hapo mpaka Kilolo anajua mjomba hupewa koti. Akasema karatasi ina nafasi chini ya saini, andika tu "koti la mjomba", nani atajua liliandikwa lini? Mama alikuambia uandike yaishe. Shangazi akasema uandike. Hata Bertha alisema uandike, na ni wakwe zake ambao wangelipa.

Nawe ulisema nini? Ulisema: "Siku ile walikaa, wakaulizwa, wakanyamaza. Kisichoandikwa siku ile hakipo. Nikiongeza koti leo, kesho mwingine ataongeza ng'ombe, na orodha haitakuwa na maana kwa mtu yeyote." Ulimnunulia mjomba koti kwa pesa yako ya pensheni, na bado hakusalimii mpaka leo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nilijivuna kuwa mwanao.

Sasa nieleze tofauti. Mjomba alistahili koti. Kinga ya Obeid nayo ni kinga ya kweli, sijawahi kukataa. Lakini sheria inataka hati siku ya kwanza kwa sababu siku hiyo hakuna anayejua itakuwaje. Ukiruhusu watu waandike baadaye, kila mtu atasubiri aone matokeo kwanza. Mkataba ukileta faida, ataitia kwenye faida aonekane hodari. Ukileta hasara, atakumbuka kwamba kumbe ilikuwa kinga yenye hati, aifiche pembeni.

Na usidhani nasema ya kufikirika. Mwisho wa 2023 mkataba huohuo ulituletea milioni arobaini kwenye karatasi. Obeid aliziweka kwenye faida ya mwaka, zote, moja kwa moja, na akachinja mbuzi. Hakuna aliyeuliza hati iko wapi. Mwaka uliofuata zikapotea kimyakimya. Hati imeanza kutafutwa mwaka huu, baada ya hasara kuingia.

Unaniambia nisaini ili watu wa Tukaze wasikuaibishe. Mimi nakataa kusaini ili watu haohao wasinunue wasichokijua. Nikisaini, Nkuba atanunua hisa za kampuni yenye faida, na kampuni hiyo haipo. Iliyopo ni kampuni yenye hasara. Inaweza kupona, sijui, lakini bei ya hisa zake haiwezi kuwa ile.

Sitaki kukukosea adabu. Ila siwezi kukutii katika hili, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwanao,
Lea


Mbeya Mjini
10 Februari 2026

Mzee wangu Silvester Kalinga,

Shikamoo mzee. Natumaini hali yako na ya familia ni njema, na goti linaendelea vizuri. Nimeambiwa wewe ni mtu wa barua, nami nimeona nikuandikie kwa mkono wangu badala ya kukusumbua kwa simu.

Mzee, Lea ni mdogo wangu. Nilimwajiri akiwa ametoka chuo, nikamlipia mitihani ya uhasibu, leo anaitwa mhasibu mkuu. Kwa hiyo ninaposema ameniumiza, nasema kama kaka. Tangu tarehe 23 Januari nimempumzisha kazini, bila mshahara, ili apate muda wa kutafakari. Bila shaka amekueleza.

Mimi si mwizi, mzee. Nyumba za Isyesye zipo, njoo uziguse. Wapangaji wapo na kodi inaingia. Ile kinga niliiweka kwa nia njema wakati kila mtu alikuwa anaogopa riba. Soko limegeuka, hilo ni la Mungu. Hasara yenyewe ni ya kwenye karatasi, hakuna pesa iliyotoka mfukoni kwa mkupuo. Lakini benki yetu ina sharti kwamba tuoneshe faida, tusipoonesha wanaweza kuudai mkopo wote. Nina mafundi na vibarua sitini pale, na kila mmoja ana watoto. Lea anajua yote hayo na bado ameng'ang'ania.

Asukile, kijana wetu wa uhasibu, yuko tayari kuandaa hati, lakini mwaka 2023 hakuwepo. Lea alikuwepo. Wakaguzi wanamwamini yeye. Saini yake moja inamaliza mambo.

Naomba uzungumze naye kama mzazi. Akisaini, kesho yake yuko kwenye kiti chake na mshahara wa mwezi wote nampa. Kikundi cha Tukaze nitakipa hisa kwa punguzo. Na wewe mzee, nimefikiria kwamba bodi yetu inahitaji mtu mzima mwenye heshima zake kutoka Iringa. Posho ya vikao ni nzuri.

Akisaini au asiposaini, tarehe 28 nitafika mwenyewe Mlandege kuzungumza na wanakikundi.

Wako katika maendeleo,
Obeid Mwaisumo


Mlandege, Iringa
14 Februari 2026

Lea,

Kwa hiyo "kazi ni nyingi".

Umesimamishwa kazi karibu mwezi mzima, huna mshahara, unalipa kodi Ilomba, na nimelazimika kuambiwa na Obeid kwenye karatasi yenye marashi. Umeniandikia kurasa tatu za posa ya Bertha ukashindwa kuandika mstari mmoja kwamba huna chakula. Huo nao ni uhasibu wa aina gani?

Nimekasirika. Nimewakasirikia wote wawili, na sijui ni nani zaidi. Barua yake nimemsomea Bertha. Nilipofika kwenye kiti cha bodi na posho, alinitazama tu akaendelea kumenya viazi. Nilitamani aseme neno. Kwa nusu saa, mwanangu, nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti kile, nimeshavaa suti. Halafu nikajiuliza kwa nini mtu mwenye kampuni yenye afya anamtafutia kiti mwalimu mstaafu ambaye hajui ghorofa inajengwaje.

Kuhusu koti la Danieli: mahari ni mahari na riba ni riba, usinichanganyie. Hilo nimelisema kwa sababu lazima niseme. Lakini silali vizuri tangu nilisome.

Sikuambii usaini. Sikuambii usisaini pia. Ninachotaka ni ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, usio na matusi kwa Obeid, nitakaoweza kuusoma mbele ya wanakikundi tarehe 28 kabla hajafungua mdomo. Kama huwezi kulieleza jambo lako kwa ukurasa mmoja, basi labda hata wewe hulielewi.

Bertha ametuma mchele na maharage kwa basi hilihili. Ukirudisha nitakuja huko mimi mwenyewe na goti langu.

Baba


Ilomba, Mbeya
18 Februari 2026

Baba yangu,

Shikamoo. Mchele umefika, na maharage, na kuku aliyekaangwa ambaye hukumtaja. Nimekula nikalia, halafu nikala tena.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeamua kwa kunihurumia. Nilitaka uamue kwa kunielewa. Usiogope sana, nashika hesabu za duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya, mtaa wa Soweto, na kodi ya Februari imelipwa.

Kuna jambo jingine, ulijue kutoka kwangu safari hii. Nimewaandikia wakaguzi wa hesabu kwa jina langu kwamba mwaka 2023 hati ya kinga haikuwepo, na hati yoyote watakayooneshwa imeandikwa mwaka huu. Ripoti yao lazima itoke kabla ya mwisho wa Machi. Obeid akijua, kazi ndiyo imekwisha. Na ajue.

Ukurasa wako huu hapa.

"Ndugu wanakikundi. Kilindimo Majengo ina nyumba za kweli na wapangaji wa kweli. Ina deni la bilioni nne. Deni hilo lina riba inayobadilika, na kampuni iliweka mkataba wa kuizuia isipande. Riba imeshuka, kwa hiyo mkataba umekuwa mzigo. Kuuvunja leo ni milioni mia tatu na arobaini. Riba ikipanda tena mzigo utapungua. Isipopanda, kampuni italipa zaidi ya wenzake kila miezi mitatu mpaka mkataba uishe. Hesabu mtakazooneshwa zinaweza kusema kuna faida. Zikisema hivyo, ni kwa sababu mzigo huu umewekwa pembeni kwa hati ambayo haikuandikwa siku ilipotakiwa. Siwaambii msinunue. Nawaambia muulize hati iliandikwa lini, na msubiri ripoti ya wakaguzi ndipo mtoe pesa zenu. Mwenye haraka kuliko ripoti, mwulizeni anaharakia nini."

Sentensi ya mwisho ina ukali kidogo. Ifute ukipenda. Mimi nimeshindwa.

Mwanao,
Lea


Mlandege, Iringa
3 Machi 2026

Mwanangu Lea,

Kamwene. Simu yako nimeifungua, Bertha amenionyesha pa kubonyeza. Lakini usipige mpaka umalize kusoma. Haya nataka uyapate kwa mpangilio, ukinipigia utanikatiza.

Obeid alifika Jumamosi ukumbi wa kanisa akiwa na gari mbili, kreti za soda na Asukile, kijana mwembamba aliyevaa tai iliyomnyonga. Watu wa Ubaruku walikuwa wameshafika tangu asubuhi, Nkuba akiwa mbele kabisa na mkewe Sarah. Nilisimama nikausoma ukurasa wako. Sentensi ya mwisho sikuifuta. Niliisoma mara mbili.

Obeid hakukasirika. Anajua kazi yake yule mtu. Alikusifu, akasema Lea ni hodari ila ni kijana, ameshika kitabu sana. Akasema hasara ni ya kwenye karatasi, akapitisha hesabu zilizosainiwa na Asukile: faida milioni mia mbili na tisini, na picha za maghorofa kwa rangi. Nikamwuliza hati ya kinga iliandikwa lini. Akasema, "Mzee, hilo ni la kitaalamu, tutawachosha watu bure." Nikamgeukia Asukile nikamwuliza yeye. Kijana akaangalia soda yake. Nikauliza mara ya tatu, na Frida akaniambia mwenyekiti tusonge mbele, watu wana safari.

Nkuba ndiye aliyeniumiza. Alisimama akasema, "Mwalimu, mie hata mpunga wangu huwa nauuza ungali kijani shambani, nakata bei na tajiri mapema. Mwaka mwingine bei inapanda, najuta, lakini sifi. Na huyu bwana amekata bei ya riba mapema, ameumia kidogo tu. Sasa kosa lake liko wapi?" Watu wakacheka, wakakubali. Nikamwambia, "Nkuba, hajakosea kukata bei. Wewe ukijuta unamwambia Sarah umepata hasara, au unamwambia umepata faida?" Sarah akacheka peke yake. Nkuba akasema hayo ya nyumbani tuyaache nyumbani.

Kura zikapigwa. Wengi mno walinyoosha kutaka kununua. Mimi, Sarah na wazee wawili wanaoimba besi kwenye kwaya tukabaki na mikono mapajani.

Sasa sikiliza. Pesa ya Tukaze haitoki benki bila saini tatu: ya katibu, ya mweka hazina na ya mwenyekiti. Fomu ya kutoa milioni sitini walikuja nayo imeshajazwa. Katibu akasaini. Frida akasaini. Wakaniletea. Wote walinitazama kama siku ile waliponipigia makofi, na Obeid amesimama pembeni na kalamu yake ya dhahabu amenyoosha mkono anipe.

Niseme kweli, hapo ndipo nilipojua umekaa mahali gani tangu Januari. Nilidhani unakataa kalamu. Kumbe unakataa watu unaowapenda, wamekaa mbele yako, na kila mmoja ana sababu nzuri. Nilikuandikia "isipokuwa tarehe" nikiwa nimekaa kwenye kiti changu nakunywa chai. Nilikuwa mjinga, na kama ungesaini kwa kunisikiliza mimi nisingejisamehe.

Nikasema sisaini. Obeid akanikumbusha kiti cha bodi, kwa sauti ya chini. Nikayarudia maneno yake kwa sauti ya darasani ili wa nyuma nao wasikie. Hapo tabasamu likamwishia. Frida akasema kikundi kimeamua, mwenyekiti ni mtumishi tu wa kikundi. Nikamjibu kikundi kina haki ya kuamua na kina haki ya kunitoa, lakini mkono huu ni wangu, na hauendi kwenye fomu hiyo mpaka ripoti ya wakaguzi isomwe hapa, mstari kwa mstari.

Basi wakanitoa. Palepale, kwa kunyoosha mikono. Nkuba hakunyoosha, aliangalia chini. Miaka sita ya uenyekiti imeisha kabla soda hazijaisha. Mpaka sasa wengine wananipita barabarani kama hawanioni, na Frida amehamia benchi jingine kanisani. Inaniuma, sitakudanganya. Lakini kuna kitu hawakukifikiria, na katiba ya kikundi niliiandika mimi: mwenyekiti mpya ni mpaka mkutano mkuu wenye taarifa ya siku ishirini na moja, kisha muhtasari upelekwe benki, kisha benki ibadilishe saini. Benki za hapa unazijua. Watakapomaliza, ripoti ya wakaguzi itakuwa imeshatoka, nao wataamua wakiwa wanajua. Wakinunua hapo, ni pesa yao. Obeid alipoelezwa hivyo aliondoka bila kuaga, na kreti tupu akatuachia.

Kwa hiyo huna kazi, nami sina cheo. Njoo Pasaka, tutakula wote ubishi wetu.

La mwisho. Mkutano ukiwa unafungwa, Frida alinisogelea machozi yakimlenga kwa hasira akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, mtu mzima wewe, ubishi huu amekufundisha nani?" Nikamwambia katibu asifunge daftari la muhtasari. Nikamwambia aandike, na nikamsimamia mpaka akaandika yote bila kosa la herufi: amefundishwa na Lea Silvester Kalinga, mhasibu, kwa sasa hana kazi, mwanangu.

Baba yako,
Silvester Kalinga